Haki ya Kuvuta na Haki ya Kupumua: Tuwasikilize Wanaopinga Sheria za Tumbaku

Tarehe 29 Machi 2004 Ireland ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku uvutaji wa sigara katika sehemu zote za kazi zilizo ndani ya majengo, baa zikiwemo. Waziri wa Afya wa wakati huo, Micheál Martin, alipotangaza nia hiyo, wenye baa walilalamika kwa sauti kubwa. Walisema biashara itakufa, wazee wa vijijini watakosa mahali pa kukutana, na kwamba Serikali imeingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Yaliyofuata yaliwashangaza wengi. Wavutaji walitoka nje, wakasimama kwenye baridi na mvua, wakavuta sigara zao, wakarudi ndani kumalizia mazungumzo. Sheria ilitiiwa katika nchi ambayo, tuseme ukweli, haikuwa na sifa ya kupenda kuamrishwa kuhusu mambo ya baa.

Mahali pengine upepo umevuma kinyume. Mwezi Desemba 2022 Bunge la New Zealand lilipitisha sheria ambayo ingemzuia mtu yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2009 kuuziwa sigara maisha yake yote. Mwezi Februari 2024 Serikali mpya iliifuta kabla kifungu hicho hakijaanza kutumika, na miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani ilikuwa kwamba mapato ya kodi ya sigara yangesaidia kugharimia punguzo la kodi kwa wananchi. Mwaka huohuo Uingereza ilipeleka bungeni muswada wa namna hiyohiyo. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki mabishano yamefika mahakamani. Kampuni ya British American Tobacco ilizipinga kanuni za Kenya za mwaka 2014 ngazi baada ya ngazi, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupilia mbali rufaa yake mwezi Novemba 2019. Nchini Uganda, Mahakama ya Katiba ilikuwa imekwisha kulikataa shauri la kampuni hiyohiyo mwezi Mei mwaka huo, kuhusu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015.

Ni rahisi kwa mtu wa Kanisa kuyatazama haya yote na kusema kwamba upande mmoja unatetea uhai na upande mwingine unatetea fedha. Sisi hatutaki kulifupisha jambo namna hiyo. Miongoni mwa wanaozipinga sheria hizi wamo waamini wetu: mwenye baa anayeleta zaka yake kila mwezi, babu anayenusa ugoro tangu ujana wake, na wakulima wa Urambo, Kaliua, Chunya na Namtumbo, ambao tumbaku yao imejenga nyumba, imesomesha watoto na imeezeka zaidi ya kigango kimoja. Watu hawa wana hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Tuanze na ile inayosikika zaidi: mwili ni wangu, mapafu ni yangu, na Serikali haina la kuniambia. Msanii maarufu wa Uingereza, David Hockney, aliyevuta sigara kwa miaka mingi, alikwenda Brighton mwaka 2005, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Labour, kuipinga hadharani sheria iliyokuwa ikiandaliwa. Kwa wapinzani wa aina yake, kifo kinamngoja kila mtu, mvutaji na asiyevuta, na taifa linalohangaika mno kurefusha maisha linaweza kusahau kuyaishi. Mkristo hapaswi kuicheka hoja hii haraka. Sisi wenyewe tunafundisha kwamba uhai wa mwili si thamani iliyo juu ya zote, na kwamba ibada ya afya inaweza kuwa ibada ya sanamu kama ilivyo ibada ya fedha.

Lakini neno "mwili ni wangu" haliwezi kupita mbele ya Mkristo bila kusimamishwa. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba wao si mali yao wenyewe. Katekismu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaitaja tumbaku kwa jina pamoja na chakula, pombe na dawa, inapozungumzia fadhila ya kiasi inayotuepusha na kila namna ya kupitiliza. Msomaji aangalie kwa makini: Katekismu haisemi kwamba kuvuta sigara moja ni dhambi ya mauti, wala haimtengi mvutaji na meza ya Bwana. Inazungumzia matumizi mabaya na kupitiliza. Wapo wanaharakati, na hata mapadre wenzetu, wanaohubiri kana kwamba Katekismu imesema zaidi ya hapo. Tangu namba hiyo ilipoandikwa tumejifunza mengi kuhusu jinsi nikotini inavyomfunga mtu, na mvutaji aliyefungwa anahitaji kutendewa kama aliyefungwa. Uzito wa kosa la mtu hupimwa pia kwa uhuru aliokuwa nao alipolitenda, na wengi walianza wakiwa vijana wadogo.

Swali la sheria ni swali jingine, na hapa Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia kuliko wengi wa siku zetu. Katika Summa yake anauliza kama sheria ya wanadamu inapaswa kukataza maovu yote, na anajibu kwamba haipaswi. Sheria hutungwa kwa ajili ya umati wa watu ambao wengi wao si wakamilifu katika fadhila. Kwa hiyo inakataza yale yaliyo mazito zaidi, ambayo watu wengi wanaweza kujiepusha nayo, na hasa yale yanayowadhuru wengine. Ukiwabebesha watu mzigo usiobebeka watavunja sheria hiyo, kisha watazoea kuvunja na nyingine.

Tukikitumia kipimo hicho, sheria ya Ireland inasimama imara. Waliolindwa kwanza hawakuwa wavutaji bali wafanyakazi wa baa, waliovuta moshi wa watu wengine saa nane kwa siku bila kuulizwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya sheria ieleweke hata kwa wasioipenda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kwamba zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuwa wavutaji. Walikaa tu karibu na moshi. Binti anayehudumia wateja katika baa ya mjini, akitumwa bia huku na nyama choma kule, hawezi kumwambia mteja azime sigara, kwa sababu mteja ndiye mshahara wake. Mtetezi wa uhuru anapomsahau binti huyo, anachotetea ni uhuru wa mwenye fedha peke yake. Mafundisho jamii ya Kanisa yamesimama upande wa mfanyakazi tangu Papa Leo wa Kumi na Tatu alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891, na hatuoni sababu ya kumwacha mfanyakazi huyu mlangoni mwa baa.

Mtume Paulo naye alikutana na mabishano ya aina hii. Wakorintho walikuwa wakibishana kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu, na waliojiona wenye maarifa walidai haki yao ya kula. Paulo hakukana kwamba wana haki. Aliwauliza haki hiyo inamfanya nini ndugu aliye dhaifu, na yeye mwenyewe akawa tayari kuiacha nyama kabisa kuliko kumkwaza. Hatumaanishi kwamba moshi ni sawa na nyama ya sanamu. Tunasema tu kwamba katika jumuiya ya Kikristo haki haiulizwi pekee, huulizwa ikiwa imekaa pamoja na jirani.

Kipimo hichohicho cha Thoma, hata hivyo, kinawauliza wanaharakati maswali. Je, ni haki kumkataza mtu mzima maisha yake yote, kwa sababu ya mwaka aliozaliwa, kitu ambacho kaka yake aliyemtangulia kwa miezi michache anaruhusiwa kununua? Lengo ni jema, na tunaelewa kwa nini madaktari walilishangilia. Lakini sheria ambayo mwaka 2050 ingemtaka muuza duka amdai kitambulisho mtu wa miaka 41 na kumruhusu wa miaka 42 ina ugumu usioondolewa kwa takwimu. Waliosita New Zealand hawakuwa wote mawakala wa makampuni. Kwa maoni yetu kosa kubwa zaidi la Serikali ile mpya lilikuwa kuifanya kodi kuwa sababu. Ukiuacha mlango wa ugonjwa wazi kwa sababu ugonjwa unalipa ushuru, umekwisha kuwapangia bei wananchi wako.

Unafiki wa watawala ni hoja ya pili ya wapinzani, na hapa wana haki zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Una historia ndefu. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuilaani tumbaku mwaka 1604 na kupandisha ushuru wake kwa kiasi cha kutisha. Kabla ya utawala wake kwisha, hazina yake ilikuwa imeanza kuyategemea mapato ya tumbaku ya Virginia. Leo pakiti inabeba onyo la Serikali na stempu ya kodi ya Serikali ileile.

Nasi ndani ya Kanisa hatuwezi kuwarushia mawe. Mwaka 1642 Papa Urbano wa Nane aliwatishia kuwatenga na Kanisa waliotumia tumbaku makanisani katika jimbo la Sevilla, Hispania, ambako hata makleri walikuwa wakinusa na kutema wakati wa ibada. Papa Innosenti wa Kumi akatoa katazo kama hilo kwa Basilika la Mtakatifu Petro mwaka 1650, na Papa Benedikto wa Kumi na Tatu akaliondoa mwaka 1725. Makatazo hayo yalihusu heshima ya nyumba ya Mungu, si mapafu ya watu. Kisha katika karne ya 19 Papa Pio wa Tisa alijenga kiwanda kikubwa cha tumbaku huko Trastevere, Roma, na jengo lake lipo hadi leo. Vatikano iliendelea kuwauzia wafanyakazi wake sigara za bei nafuu kwa miaka mingi, hata baada ya kupiga marufuku uvutaji katika sehemu za umma mwaka 2002, wakati wa Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili. Ni Baba Mtakatifu Fransisko aliyeamua mwaka 2017 kwamba mauzo hayo yakome kuanzia mwaka 2018. Msemaji wake alieleza kwamba Kiti Kitakatifu hakiwezi kushiriki katika jambo linaloharibu afya ya watu waziwazi. Mapato yaliyoachwa yalikuwa ya mamilioni ya euro kwa mwaka. Kwa wanaosema kwamba wakubwa huhubiri wasiyoyatenda, huo ni mfano wa mkubwa aliyeanza na duka lake mwenyewe.

Wapinzani nao wana la kujibu. Si kila sauti inayojiita ya mwananchi ni ya mwananchi. Nyaraka za ndani za makampuni ya tumbaku, zilizofunguliwa kwa umma kutokana na mashauri ya Marekani ya miaka ya 1990, zilionyesha jinsi makampuni yalivyogharimia vikundi vya "haki za wavutaji" na jinsi yalivyojenga sauti ya wakulima ili waziri asikie mkulima mahali ambapo mwenye kiwanda asingependwa. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Washington alitoa hukumu kwamba makampuni makubwa yaliwadanganya Wamarekani kwa miongo mingi kuhusu madhara ya sigara. Kikundi cha FOREST cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1979 kutetea wavutaji, hakifichi kwamba kinafadhiliwa na makampuni ya tumbaku. Hoja haiwi ya uongo kwa sababu ya aliyeilipia. Lakini katika kitubio tunamuuliza mtu nia yake, na hatuoni kwa nini swali hilo lisiulizwe katika mjadala wa umma.

Tumeacha mwisho hoja ambayo kwetu ni nzito kuliko zote, yaani ya mkulima.

Urambo ilianza kulima tumbaku baada ya mradi mkubwa wa karanga wa wakoloni kushindwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tangu hapo vizazi vimekulia kati ya vitalu, mashamba na mabani. Mkulima akisikia kampeni ya kupinga tumbaku haoni takwimu ya mapafu, anaona karo ya Januari. Tena anajua jambo ambalo wahubiri wa mjini hawalijui: tumbaku ni zao ambalo mbegu na mbolea hufika kabla ya mvua, kwa mkopo, kupitia chama cha msingi, na mnunuzi anajulikana kabla ya jani kuota. Ukimwambia alime maharage, atakuuliza nani atampa mbolea mwezi Oktoba na nani atakuja na lori mwezi Juni. Hilo si swali la mtu mkaidi.

Hata hivyo tuseme pia yale ambayo mkulima mwenyewe huyasema tukikaa naye kivulini bila haraka. Mkopo huo unakatwa kabla hajaona shilingi, na madaraja ya tumbaku hupangwa siku ya soko wakati yeye hana nguvu ya kubisha. Jani bichi lenye umande huingiza nikotini mwilini kupitia ngozi, na mama anayechuma asubuhi bila glavu hurudi na kizunguzungu na kichefuchefu ambacho wengi hukidhani malaria. Watoto hukosa shule wakati wa kuchuma na kufunga. Kuni za kukaushia tumbaku ya mvuke zinatoka katika miombo ileile inayoifanya Tabora ijulikane kwa asali yake. Kila bani linalowaka usiku kucha linakula chakula cha nyuki, na katika Laudato Si' Baba Mtakatifu Fransisko ametufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini hukisikia sikio moja. Katika mashamba haya hakuna fumbo lolote la taalimungu ndani ya maneno hayo. Ni hesabu ya kuni na madumu ya asali.

Kwa hiyo tunapowasikia wanasiasa wakisimama majukwaani kumtetea mkulima dhidi ya wanaharakati, tunapenda kuwauliza wanamtetea yupi. Kama ni yule anayedaiwa, basi wazungumzie mkopo wake na madaraja yake. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005, na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, una kifungu kinachozitaka Serikali kuwasaidia wakulima kupata njia nyingine za kuishi. Kifungu hicho hakitajwi mara nyingi na upande wowote. Wanaharakati hupenda zaidi vifungu vya kodi na picha za maonyo, na wapinzani hawana faida kukitaja, maana kingewanyang'anya hoja.

Sheria yetu ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 nayo ina upungufu unaojulikana. Imeacha nafasi ya kutenga maeneo ya wavutaji ndani ya sehemu za umma, na moshi haujui mpaka. Uganda imekwenda mbali zaidi: inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka sehemu ya umma na kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Hatudhani kila kifungu cha jirani kinatufaa. Sheria isiyoweza kusimamiwa humtajirisha askari mla rushwa na kumwacha mvutaji palepale. Lakini kumlinda mhudumu wa baa, abiria wa basi na mtoto kunatosha kuwa sababu ya kuirekebisha, na waamini walio wabunge na madiwani wasingoje kuambiwa na Askofu.

Kuhusu viwanja vyetu vya kanisa, suala ni jepesi zaidi, na tunalitaja kwa kifupi. Halmashauri ya Walei ya parokia inaweza kukubaliana kwamba sigara haivutwi eneo la kanisa, ukumbi na shule, na asivute padre wala mwalimu. Wazee wenye ugoro wasitangazwe madhabahuni. Kanuni auni inatufundisha kwamba jambo linaloweza kumalizwa na jumuiya lisipandishwe juu, na mzee wa jumuiya anamjua babu yake kuliko tunavyomjua sisi.

La mkulima halimalizwi na jumuiya, kwa sababu fedha za mwanzo wa msimu hazitoki kwenye jumuiya. Nchini Kenya, katika kaunti ya Migori, Serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani waliwasaidia wakulima wa tumbaku kuhamia kwenye maharage yenye madini mengi ya chuma. Lililowavuta wakulima hao halikuwa mahubiri kuhusu saratani. Walipewa mbegu, wakafundishwa, na palikuwa na mnunuzi aliyehakikishwa. Ofisi za Caritas na za maendeleo katika majimbo yanayolima tumbaku zina wataalamu wa kilimo, na baadhi ya parokia zina ardhi na maghala. Vyama vya akiba na mikopo vya waamini vipo. Kitakachoamua ni kama mmoja wao anaweza kumpa mkulima wa alizeti au mfugaji wa nyuki mkopo kabla ya mvua za Novemba, kwa masharti ambayo chama cha tumbaku kinampa sasa au yaliyo bora kuliko hayo. Mazungumzo hayo yanapaswa kufanyika kati ya Julai na Septemba, wakati soko la tumbaku linafungwa na mkulima bado hajasaini fomu ya msimu ujao.